Kibali cha Fundi wa Misumeno

Saa moja asubuhi Tejinder Singh alikuwa ameinama juu ya meza ya chuma, nyundo mkononi, akiugonga msumeno. Haukuwa msumeno wa mkono. Ulikuwa ukanda mrefu wa chuma wenye meno upande mmoja, wa kuzungushwa na magurudumu mawili makubwa na kupasua magogo ya podo yaliyoshushwa kutoka msitu wa juu ya Molo. Ukanda huo ukilegea mahali kidogo tu, mbao hutoka zimepinda, na mwenye kununua huzirudisha. Kwa miaka ishirini na miwili, katika kiwanda hicho cha mbao nje ya Njoro, kazi ya Tejinder ilikuwa kupatafuta mahali hapo na kupagonga mpaka pakae sawa.

Alilaza rula ya chuma juu ya ukanda, akachungulia chini yake kuona mwanga unapopenya.

"Wamalwa, kuja ona."

Dalmas Wamalwa, msaidizi wake, hakuchungulia. Alipitisha kidole gumba polepole juu ya chuma, akasimama.

"Hapa, Fundi. Vidole viwili kutoka kwa jino."

Tejinder akagonga hapo mara tatu, akalaza rula tena. Mwanga ulikuwa umeziba. Alicheka kimya ndani ya ndevu zake. Mwaka ule wa 1969 macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na kidole cha Wamalwa kilifika kabla ya rula yake karibu kila siku.

"Tuache sasa," Wamalwa alisema. "Kiptanui amewasha lori. Tukichelewa tutapata laini imetoka mpaka barabarani."

Bhagwanti, mke wa Tejinder, aliwangoja kwenye lango na chapati zilizofungwa kwa gazeti, mafurushi mawili.

"Hii yako," alimwambia Wamalwa. "Pilipili kidogo. Angalia huyu mzee asigombane na watu ya ofisi."

"Mama, nitamshika mkono."

Njia nzima kuelekea Nakuru Tejinder alishika bahasha kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na pasipoti yake ya Kiingereza, ingawa Uingereza kwenyewe hakuwahi kufika. Alitoka Punjab akiwa na miaka kumi na tisa, akaja Kenya moja kwa moja. Uhuru ulipokuja alipeleka fomu ya kuomba uraia. Hakujibiwa, na hakuna aliyejua fomu hiyo ilikolala. Kisha ikaja sheria kwamba asiye raia hafanyi kazi bila kibali. Ndugu yake alikuwa ameandika kutoka Uingereza kwamba huko nako wenye pasipoti kama yake sasa wamefungiwa mlango, wanapanga foleni ya kuingia.

Kibali chake kingekwisha mwisho wa mwezi. Navin Shah, mwenye kiwanda, alitangaza kazi hiyo gazetini kama ilivyotakiwa. Walikuja watu watatu. Mmoja alikuja na msumeno wake wa useremala kwapani, akauona ule ukanda unavyozunguka, akaaga kwa adabu. Navin akaandika barua kwamba hakuna raia anayeiweza kazi hii. Ofisi ya vibali ikajibu kwa mstari mmoja: mwombaji aje pamoja na msaidizi wake.

Walisimama kwenye laini tangu saa mbili. Saa nne karani alifunga dirisha kwenda kunywa chai, akalifungua saa tano. Saa sita kasoro waliitwa ndani.

Afisa aliitwa Mathenge, kijana mwenye tai iliyopigwa pasi na sauti ya upole. Aliwapa viti, jambo ambalo Tejinder hakulitarajia.

"Bwana Singh, hii barua ya tajiri wako inasema hakuna Mkenya anayejua kazi yako." Akamgeukia Wamalwa. "Wewe umekaa naye miaka mingapi?"

"Kumi na moja, bwana."

"Kumi na moja! Basi hebu niambie. Huyu mzee akiondoka leo, wewe unaweza kunyoosha hiyo misumeno?"

Tejinder alimtazama Wamalwa. Alijua kilichokuwa kwenye ulimi wa mtu huyo. Akisema ndiyo, kazi ya fundi itakuwa yake, pamoja na nyumba ya mawe ya vyumba vitatu iliyo nyuma ya kiwanda, badala ya kile chumba kimoja alicholala na mkewe Truphosa na watoto wanne. Tejinder alitazama sakafu ili asimwone akisema hivyo.

"Siwezi, bwana," Wamalwa alisema. "Mimi nashika tu upande mmoja akigonga. Kujua, sijui."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kichwa yangu ni ngumu."

Mathenge aliandika. Ilitosha kabisa. Kwa maneno hayo kibali kingepigwa muhuri, Bhagwanti angebaki na jiko lake, naye Tejinder angezeeka hapo hapo Njoro. Badala ya kushukuru, alikumbuka asubuhi ya siku hiyo kiwandani. Aliona kile kidole gumba kikisimama juu ya chuma.

"Nadanganya," akasema.

"Nani?"

"Huyu. Nadanganya kwa sababu ya mimi. Yeye najua hii kazi. Najua kuliko mimi. Mimi natumia rula, yeye natumia kidole."

"Fundi!" Wamalwa alimshika mkono.

"Wacha mkono. Bwana, andika hiyo."

Mathenge aliweka kalamu chini, akamtazama Tejinder. Pengine alimhurumia.

"Mzee, unajua umesema nini? Kama raia yupo anayeweza, mimi siwezi kutoa kibali. Sheria ni hiyo."

"Najua. Sasa pea yeye kazi."

"Mimi sitoi kazi." Akamgeukia Wamalwa. "Una cheti? Umefanya mtihani wa ufundi?"

"Hapana, bwana. Kwa misumeno sijasikia mtihani."

"Basi kwa karatasi wewe si fundi."

Tejinder alitazama mmoja, kisha mwingine. "Bwana. Mimi hapana kibali kwa sababu yeye fundi. Yeye hapana fundi kwa sababu hapana karatasi. Sasa fundi nani?"

"Hilo si la ofisi hii," Mathenge alisema taratibu, akapiga muhuri. Kibali kilikataliwa. Tejinder alipewa siku sitini za kufunga mambo yake nchini.

Walikula chapati wameketi kwenye ukuta mfupi nje, wakimngoja Kiptanui arudi na lori.

"Ungenyamaza tu," Wamalwa alisema. "Nilikuwa nimeshamaliza maneno. Truphosa mwenyewe ndiye aliniambia niseme hivyo."

"Miaka kumi na moja, wewe nasema hujui kitu. Watu nauliza, huyu Singh alikuwa nafundisha nini? Kupika chai?"

Wamalwa alicheka bila kutaka, kisha akafuta macho kwa mkono wa koti. Tejinder alimega kipande cha chapati yake, chenye pilipili, akampa.

Kiwandani Navin Shah aliisoma ile karatasi mara mbili akiwa amesimama mlangoni pa ofisi yake. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulianguka kweli.

"Pole, Singh. Pole sana." Akaikunja ile karatasi. "Basi Wamalwa ataendelea na misumeno."

"Kama fundi?"

"Kama... vile yuko sasa. Hana karatasi. Ile nyumba kwanza nitaweka mbao. Na ule msumeno wa asubuhi, ufungeni kwa mashine. Kuna magogo ya kesho."

Tejinder aliingia karakana. Ukanda ulikuwa bado mezani, umeshanyooka. Aliutazama, akatoka tena, akaketi juu ya gogo katikati ya uwanja. Wamalwa akaja akaketi kando yake.

"Singh, nini tena?" Navin aliita.

"Andika yeye kwa kitabu ya wafanyakazi. Fundi wa misumeno. Andika leo, mimi nikiona."

"Na nisipoandika?"

"Msumeno hapana fungwa."

"Wewe Wamalwa?"

"Mimi ni msaidizi tu," Wamalwa alisema. "Fundi wangu ameketi."

Wapakiaji wa mbao waliacha kazi, mmoja baada ya mwingine, wakasogea. Bhagwanti alitoka na birika la chai na vikombe viwili, akawamiminia wale wawili bila kuuliza kitu. Mashine ilikuwa kimya, ndege wakasikika kwenye miti ya ua.

Navin aliingia ofisini, akatoka na kitabu kikubwa chenye jalada jekundu, akakifunua juu ya goti. Alipeleka kidole chini ya ukurasa, mstari kwa mstari, mpaka akapata. Pale palikuwa pameandikwa, kwa wino uliofifia wa miaka kumi na moja: Boi wa Singh.

Alikata maneno hayo kwa kalamu. Kisha akabaki ameishikilia kalamu hewani, masikio yake yamekuwa mekundu.

"Jina lako," akasema, "linaandikwaje?"

Wamalwa aliweka kikombe chini, akasimama.

"Anza na D," alisema. "D kubwa. Dalmas."