Aliyebweka Juu ya Mkuyu

Asubuhi ile Nyanzobe alifuata matone ya damu ya mbuzi wake aliyepotea, mpaka kwenye mkuyu ulio bondeni, nje kidogo ya Msangano. Damu iliishia shinani. Akainua macho: mbuzi alikuwa juu, amelazwa kwenye panda ya tawi, miguu inaning'inia.

"Chui!" alipaza sauti, akaanza kurudi kinyumenyume, maana chui hapewi mgongo.

Lakini mnyama aliyetoa kichwa kwenye majani alikuwa na pua ndefu ya mbwa na masikio yaliyosimama. Akamtazama, akabweka kama mbwa anayelinda mji wa watu.

Nyanzobe akaita tena. Mumewe, Josephat, alikuja mbio na mkuki, mbwa wao akitangulia.

"Umesema chui," Josephat alinong'ona.

"Nilisema kabla hajabweka."

"Mbwa hapandi mti."

"Basi mwambie yeye."

Mnyama alishuka kichwa chini, kucha zikikwaruza gome. Mbwa wao, ambaye fisi hawamtishi, alilala chali na kuonyesha tumbo. Yule akamnusa, akampita Nyanzobe karibu hata mkia ukagusa kitenge chake. Josephat akainua mkuki. Nyanzobe akaushika mpini, na mwenyewe hakujua kwa nini.

Mnyama alipopotelea kwenye matete, Josephat alipanda kushusha mzoga. Alipougusa, ukalia.

"Mzima," alisema kutoka juu.

Mguu wa nyuma wa mbuzi ulikuwa na jeraha la meno, na chini ya mti nyayo za fisi zilikuwa zimezunguka shina, moja juu ya nyingine.

"Kamwokoa," alisema Nyanzobe.

"Kamweka akiba. Angemla leo."

"Mbona kamwacha?"

Jirani yao Severini alipoelezwa, alisema ni fisi wa mtu, anayefugwa kwa uchawi. Kesho yake akasema walilewa.

Mbuzi alipona, akabaki akichechemea. Josephat alitaka kuukata mkuyu, mkewe akakataa. Alipoulizwa anaogopa nini, Nyanzobe aliendelea kumfunga mbuzi kamba. Kila akipita bondeni hutazama juu. Ila hajajua bado kama anaomba yule mnyama awepo, au asiwepo.