Kitambaa Juu ya Kisanduku

Vile vitambaa Mama Pascasie alivifuma wakati wa Kwaresima, jioni baada ya kufunga maktaba, na kila kimoja alikiombea kabla ya kukata uzi. Vilikuwa vyeupe, na maua ya njano kwenye pindo. Kwa ndani alishonea nailoni nzito, kwa sababu pale Kigwena paa la maktaba linavuja, na moshi wa wakamuaji mawese unaingia dirishani bila kupiga hodi. Redio ya marehemu mume wake, Mulamba, ilikaa chini ya kitambaa cha namna hiyo tangu siku za uhai wake, na mpaka leo inaimba. Basi na mashini ya maktaba, alijiambia, itatunzika hivyo hivyo.

Mashini yenyewe ilikuwa kisanduku cheusi, hakizidi ukubwa wa Biblia ya altareni. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya shule, hadithi na kamusi, na mtoto akikaa karibu nacho na tableti mkononi, vitabu vinamjia bila intaneti. Maktaba nne za upande ule zilipewa visanduku kama hicho: Kigwena kwa Mama Pascasie, Rumonge mjini kwa kijana anayeitwa Asmani, Kizuka kwa Hadjara, na Bugarama kwa Bwana Aristide, ambaye ndiye waliyemfanya mkubwa wao. Hakuna hata mmoja aliyesomea mashini. Mama Pascasie shule yake iliishia ya msingi, na hakuona haya kusema.

Kwa hiyo walipatana kusaidiana. Mwenye shida anaandika kwenye grupu la simu, na aliyewahi kuiona anajibu. Asmani, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi na alikuwa na subira, alikabidhiwa diski ya vitabu vipya na neno la siri la visanduku vyote, awe anazunguka kuviangalia. Halafu waliweka sharti moja: atakayegundua chanzo cha tatizo asiishie kukiandika kwenye simu. Aende mwenyewe kwenye kila maktaba, awaonyeshe wenzake kwa mikono yake, maana mambo ya mashini yakiandikwa kila mtu anayaelewa kivyake.

Pasaka ilipopita, Mama Pascasie aligawa vitambaa vyake. Hadjara alikibusu cha kwake. Asmani alikigeuzageuza, akacheka, akasema sasa mashini yake itakaa kwenye zulia la kisultani, kisha akakitandika chini ya kisanduku. Mama Pascasie aliona kijana amekosea, lakini mtu hamfundishi mwenzake jinsi ya kutumia zawadi, akanyamaza.

Haikupita muda, visanduku vikaanza kuzimika. Cha Bugarama kilikuwa kinaamka vizuri asubuhi, na kabla ya saa sita kinakata. Cha Kizuka hivyo hivyo. Cha Kigwena nacho kikawa kinawaacha watoto katikati ya ukurasa. Asmani anaitwa, anapanda pikipiki, anafika. Sasa, desturi ya watu wa pale ni kwamba mgeni akija, vifuniko vinaondolewa. Mgeni haonyeshwi kitu kimejifunika kama maiti. Kwa hiyo kila Asmani alipoingia, kitambaa kilikuwa kimeshakunjwa na kuwekwa kando kwa heshima, na kisanduku kinafanya kazi bila kukohoa. Atakaa nacho mchana mzima, atakula ugali na ndagala wa mwenyeji, ataaga. Kesho yake kinazimika.

Watu wakaanza kunong'onezana. Hadjara alimpigia Mama Pascasie simu, akaongea kwa sauti ya chini ingawa alikuwa peke yake. Alisema, mbona mashini inamjua yule kijana? Akiwapo inaishi, akiondoka inakufa. Na ya kwake Rumonge haijawahi kuzimika hata kidogo. Au anaingiza kitu, ili aitwe kila wiki? Bwana Aristide naye alikuwa amefikia wazo hilo kwa njia yake.

Mama Pascasie alijibu, tuombe. Na siku ile ile, akiwa ameinama kufagia, aliegemea kisanduku kwa kiganja. Kitambaa kilikuwa cha moto kama nguo iliyotoka chini ya pasi. Akakiinua. Hewa iliyotoka chini yake ilimpiga usoni kama ya chungu kilichofunuliwa. Alisimama na ufagio mkononi, akitazama maua yake ya njano, na moyo wake ulielewa kabla ya kichwa. Alikikunja kitambaa, akakitia kwenye droo ya meza. Kisanduku chake hakikuzimika tena.

Hapo ndipo angesema. Alikuwa ameshika simu. Lakini Bwana Aristide alimtangulia kuandika kwenye grupu, akauliza imekuwaje ya Kigwena imepona bila fundi, na Hadjara akajibu kabla yake kwamba ni sala za Mama Pascasie, nani asiyejua. Wakaanza kumsifu. Bwana Aristide, mtu mzima mwenye miwani, akamwomba aombee na ya Bugarama. Mama Pascasie akarekodi sala kwenye simu, akaituma, huku akijua kwamba kule Bugarama wataiweka simu juu ya kisanduku, na kisanduku kiko chini ya kitambaa chake.

Tangu siku hiyo Misa ilimwia ndefu. Ikifika pale watu wanapopiga kifua, mkono wake ulibaki kifuani kama umegundishwa, na majirani wa benchi walidhani ni ibada.

Asmani hakuwa mjinga. Siku moja aliwaandikia wote, akasema anahisi ni joto. Akauliza kama kuna anayefungia kisanduku kabatini au anakiacha juani. Bugarama wakasema hapana. Kizuka wakasema hapana. Kitambaa hakuna aliyekifikiria, kama vile mtu akiulizwa amevaa nini hasemi ngozi. Mama Pascasie alilisoma lile swali mara nyingi. Kabatini hakuwa amekifungia. Juani hakuwa amekiacha. Aliandika hapana. Lilikuwa neno la kweli, na alipolituma alijua ni uongo.

Baada ya hapo Bwana Aristide akaamua Asmani asizunguke tena mpaka wakutane. Mama Pascasie akajiambia si kitu, mkutano si mbali, atasema kule. Ila kulikuwa na jambo ambalo alilisahau, au alikataa kulikumbuka. Hadjara alikuwa amerekodi bibi wa Kizuka wakisimulia hadithi zao, sauti baada ya sauti, na zote zilikuwa ndani ya kisanduku. Asmani ndiye aliyetakiwa aende kuzinakili kwenye diski, na siku ilikuwa imeshapangwa. Hakwenda, kwa kuwa amekatazwa. Wiki ile ile kisanduku cha Kizuka kikazimika na hakikuamka. Bibi mmoja kati ya wale, mama mzazi wa Hadjara, alikuwa ameshazikwa.

Hadjara alikataa kuja mkutanoni. Aliandika kwamba hawezi kukaa meza moja na yule mutu.

Walikutana Rumonge, mchana, kwenye maktaba ya Asmani karibu na soko. Walikuwa watatu tu na chupa ya chai. Asmani alikuwa amenyoa, amevaa shati la Ijumaa. Kabla hajaulizwa, alitoa diski kwenye mfuko wake, akaiweka katikati ya meza, na juu yake kikaratasi chenye neno la siri.

Bwana Aristide alisafisha miwani. Alisema hakuna anayemshitaki mtu, ila wakuu wa maktaba wa Rumonge wameshaanza kuuliza, na ni vizuri Asmani apumzike kidogo na mambo haya ya mashini. Na pengine na ya maktaba yenyewe, wao wataamua.

“Kupumzika,” Asmani alisema. “Bwana Aristide, mimi ni mutoto wa Rumonge, mutu akitaka kunifukuza aseme ananifukuza. Nitamwelewa.”

“Usinibebeshe maneno, bwana mdogo.”

“Mimi nimebeba mashini zenu huu mwaka mzima. Maneno hayanishindi.”

Bwana Aristide aliisukuma diski mezani polepole mpaka ikafika mbele ya Mama Pascasie. Akasema yeye na Hadjara wameshazungumza, wameona diski ishikwe na mama, kwa sababu ni mtu wa Mungu, na mashini yake ndiyo pekee iliyopona kwa mkono msafi.

Mama Pascasie aliitazama diski. Hakuigusa. Tangu asubuhi alikuwa na kitambaa chake ndani ya mkoba, chini ya rozari, na njiani kote kutoka Kigwena alikuwa amemwomba Mungu ampe neno la kuanzia. Neno halikuja. Akaona kwamba akingoja neno atarudi nyumbani na diski mkobani.

Akainuka, akaenda penye kisanduku cha Asmani kilichokuwa kinawaka juu ya zulia lake la kisultani. Akatoa kitambaa cha Kigwena, akakifunika vizuri, pande zote, kama alivyozoea kufunika. Kisha akarudi, akamimina chai.

“Tunywe kwanza,” alisema.

Walimtazama kama mama anayetaka kuanza sala, wakanywa. Bwana Aristide alijaribu kuongea habari za mvua. Asmani aliangalia dirisha. Chai ilipokwisha wakasikia kimya kipya ndani ya chumba. Kale kamlio kadogo ka kisanduku kalikuwa kamekatika. Mama Pascasie akamwomba Bwana Aristide ainuke, atie mkono chini ya kitambaa.

Alitia, akautoa haraka.

“Iko moto hii.”

“Na ya Bugarama imefunikwa hivi sasa,” alisema Mama Pascasie. “Unamfunulia Asmani akifika, akiondoka unaifunika. Sote tulifanya hivyo. Ni vitambaa vyangu.”

Bwana Aristide alikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo. Asmani ndiye aliyekuja penye kisanduku. Alikiondoa kitambaa, akakigeuza, akaona nailoni iliyoshonwa kwa ndani kwa mishono midogo, ya uangalifu. Alikishika muda mrefu.

“Mama, ulijua lini?”

Angeweza kusema juzi. Angeweza kusema nimegundua leo nikiomba, na Bwana Aristide angelia machozi.

“Kabla hujauliza habari ya kabati.”

“Na ukaandika hapana.”

“Nikaandika hapana.”

Macho ya Asmani hayakuwa na hasira ambayo Mama Pascasie aliitegemea; yalikuwa yanahesabu, na aliona mahali hesabu ilipoishia, kwa sababu na yeye alikuwa ameishia hapo hapo usiku na mchana. Kizuka. Safari ile iliyokatazwa. Bwana Aristide alianza kusema kwamba mama hakukusudia, ni zawadi, ni upendo, nani asiyejua moyo wake, jambo hili libaki humu ndani, watawaandikia wengine tu kwamba ni joto.

“Sharti tuliliweka wenyewe,” Asmani alisema, bila kumtazama. “Aliyepata chanzo anakipeleka kwa miguu.”

“Nitaanza na Kizuka,” alisema Mama Pascasie.

Asmani alichukua diski mezani, akairudisha mfukoni mwake, na kikaratasi pia. Bwana Aristide hakumzuia. Kijana akasema ataenda na mama, akafungue kile kisanduku, aone kama kuna sauti yoyote ya kuokoa. “Lakini usinitegemee, Mama. Kilichoungua kimeungua.”

Wawili hao walipanda pikipiki mbili. Siku nyingine Asmani angepiga kelele kutoka nyuma ya dereva wake, kwamba mama apunguze mwendo, mbinguni hakuendwi kwa pikipiki. Leo alikaa kimya, na michikichi ya pande zote mbili za barabara ilipita bila mtu kuisifu.

Kizuka, Asmani alisimama chini ya baraza, akasema atangoja aitwe. Mama Pascasie aliingia peke yake. Hadjara alikuwa anapanga vitabu vya karatasi kwenye rafu, akamkimbilia, akampokea mkoba, akamsalimu kwa amahoro, akamvutia kiti. Hakuondoa kifuniko chochote. Mama hakuwa mgeni kwake. Kisanduku kilichokufa kilikuwa mahali pake pale pale mezani, na juu yake kitambaa kimefuliwa, kimepigwa pasi, maua ya njano yameelekezwa mlangoni. Kando yake Hadjara alikuwa ameweka picha ya mama yake.

Mama Pascasie hakukaa. Alikwenda mezani, akashika pindo la kitambaa.

“Acha, Mama,” Hadjara alisema kwa upole. “Vumbi litaingia.”

Mkono wake ulibaki pale. Alihisi uzi wake mwenyewe chini ya vidole, fundo aliloliombea, na akamsikia Asmani nje akikohoa mara moja na kunyamaza. Akakiinua kitambaa, akakikunja, akakishika kifuani kwa mikono miwili ili kisirudi mezani.

“Hadjara mwanangu,” alisema, “Asmani yuko nje, na hana kosa. Kaa nikwambie ni nani aliyemnyamazisha mama yako.”