Mzinga Uliopelekwa Kuzikwa

Mizinga yetu ilikuwa imepangwa uani kwangu, kando ya kamba ya nepi za mwanangu Justus, na miti ya msituni ilikuwa imeanza kuchanua. Mfuga nyuki akiona maua hayo hakai chini. Sisi tulikaa. Msitu uko chini ya halmashauri, halmashauri imetunga sheria kwamba hakuna kuingia bila kibali, kibali hutolewa na kikao, na kikao chenyewe hakikai.

Nilikwenda kuuliza mara nyingi, mtoto mgongoni. "Rudi Jumatatu, mama." Nikirudi, napishana na pikipiki za mkaa zikitoka msitu huo huo. Wao wanalipa ushuru kwenye kizuizi cha barabarani, wanapita. Mzinga haulipi ushuru, basi hauna njia.

Kuiacha mizinga nyumbani hakukufaa. Mashamba ya tumbaku yamekizunguka kijiji, nayo yanapuliziwa dawa. Arif, mwenye duka la asali mjini Tabora, alituambia wazi: "Ya msituni nachukua yote. Ya kwenye dawa, kuleni wenyewe."

Ndipo Mama Apolinaria, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, alipokumbuka utani. Afisa mazingira wa halmashauri, Bwana Yahaya, ni Mzaramo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipobeba mizigo hadi pwani na kuzikana njiani. Mpaka leo mtani ndiye wa kuzika, na mtani hakasirikiwi.

"Tumpelekee maiti," alisema.

Tukaufunga mzinga mmoja kwa shuka jeupe, tukaulaza kwenye machela ya miti, tukaingia nao halmashauri tukilia. Bertila, ambaye machozi yake yako karibu siku zote, alijitupa chini mlangoni. "Jamani ndugu yetu! Kafa akisubiri sahihi!"

Bwana Yahaya akatoka na kikombe cha chai.

"Mzaramo, weka chai chini," Mama Apolinaria akamkabili. "Kula mnajua, kuzika mnasahau?"

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Nyie Wanyamwezi! Mlibeba mizigo ya watu mpaka pwani, leo kisanduku kimoja kimewashinda kufika msituni?"

"Njia tunayo. Umeikalia wewe, na makalio yaliyonenepa kwa nazi!"

Makarani wakashika mbavu. Bwana Yahaya akainama, akaugonga mzinga, akasikiliza. "Kweli amekufa. Lakini mzikaji ana haki yake." Akatia mkono kwenye kikapu cha Bertila, akatoa chupa ya asali. Ilikuwa ya mwisho ya msimu uliopita, tuliyoileta wakubwa waonje wajue tunachoomba. Mtani akichukua, kachukua.

"Poleni wafiwa," akasema, akageuka kuingia ndani.

Wenzangu walikuwa bado wanacheka, wanafuta machozi, wanainua machela turudi nyumbani. Yaani tumekuja kuchekesha watu?

"Bwana Yahaya, rudisha asali."

Akageuka, bado anatabasamu. "Mama, huu ni utani."

"Utani wako na wao. Mimi nimeolewa tu hapa, ni Muha wa Kasulu. Mimi na wewe hatuna utani, kwa hiyo nijibu bila kucheka. Kikao kinakaa lini?"

Kicheko kikakatika. Justus akapiga chafya mgongoni. Masomo ya jioni niliyosoma kule Isevya, mjini Tabora, yalinipa tabia moja: nikishauliza, siketi mpaka nijibiwe.

Akaiweka chupa juu ya mzinga. Sauti yake ilikuwa nyingine. "Dada, hakitakaa mpaka masoko ya tumbaku yafungwe. Wakubwa hawataki habari za msitu sasa. Tumbaku inakaushwa kwa kuni za humo, mkaa unatoka humo, na ushuru wa hivyo viwili ndio unaoiendesha halmashauri. Hata dawa za zahanati yenu. Mkitundika mizinga, mkata kuni gani atasogea?"

"Masoko yakifungwa, maua yatakuwa yamekwisha."

"Najua."

"Sasa wewe kazi yako ni nini?"

"Naandika mapendekezo," akasema, akiitazama chai iliyomwagika.

Njiani Mama Apolinaria alininunia. "Umeua utani, Mama Justus."

"Na kibali tungekipata, mama?"

Alikuwa ameikumbatia ile chupa.

Tulipofika uani kwangu, Bertila akanishika mkono. Mzinga wa kwanza karibu na kamba ulikuwa unavuma. Nyuki walikuwa wakiingia kwa mkururo, wamevutwa na nta tuliyoupaka wenyewe kwa ajili ya msitu. Nilifurahi, kisha furaha ikanigeukia. Wamekuja, na wamekuja pabaya.

Nikampa Bertila mtoto, nikaanza kuanua nepi moja moja, polepole. Ng'ambo ya ua jirani yangu Mahona alikuwa amemaliza kuchanganya dawa ya tumbaku, anapandisha bomba la kupulizia mgongoni.

"Shemeji Mahona, tafadhali usipulizie upande huu."

Akawatazama nyuki, akanitazama mimi. "Mpaka lini?"

Swali langu lilikuwa limenirudia. Nikazikunja nepi kifuani.

"Kesho nakwenda kuuliza tena," nikamwambia. "Nisubiri mpaka nirudi."

Akalishusha bomba chini.