Beleshi la Ubavuni

Kifungua mimba walimwita Msasa, kwa sababu hakuna kitu kilichopita mikononi mwake kikabaki na kipele. Mwezi mzima alikishughulikia kifaru chake cha plastiki, mfano mdogo wa kifaru cha vita, wa kuunga vipande kwa gundi. Kiwandani walikuwa wameumba beleshi, kamba na nyundo vikiwa vinundu vilivyogandana na ubavu, na Msasa hapendi uzushi: beleshi gani hilo lisiloshikika? Akavikata vyote kwa wembe, akasugua mpaka ubavu ukateleza.

Mdogo wake, kitinda mimba, aliunga chake jioni moja tu, gundi ikimchuruzika vidoleni, vinundu vyote palepale.

Baba yao alikuwa dereva wa kifaru jeshini. Sasa macho yamezima, anaona kwa vidole. Msasa akawahi kumwekea chake.

"Kizuri, mwanangu," mzee akasema, akakisogeza kando. Akapapasa cha pili, kidole kikakwama ubavuni. "Lo! Beleshi langu! Hili ndilo lililotukwamua matopeni!" Akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo kifaru cha kitinda mimba hakikuondoka mapajani mwake.

Wivu ukamla Msasa. Atwange yeye, apakue mvivu! Mdogo wake, asiyejua hili wala lile, akamletea chai. Akamchukia zaidi kwa ile chai.

Siku moja mzee aliposinzia kitini, Msasa akakichukua kile kifaru. Nia yake ilikuwa kulibandua beleshi ovyo, ionekane limevunjika lenyewe. Lakini mkono una mazoea yake. Akakata sambamba na ubavu, akasugua, akapuliza vumbi, akasugua tena. Akakirudisha mapajani.

Mzee alipoamka, kidole kilikwenda moja kwa moja ubavuni. Kikaenda, kikarudi.

"Beleshi langu liko wapi?"

"Labda limevunjika, baba," kitinda mimba akasema. "Si unazijua kazi zangu?"

Mzee akatikisa kichwa. Akapapasa tena, taratibu, pale ambapo hapakuwa na hata mkwaruzo.

"Lingevunjika lingeacha kovu. Hapa pamelainishwa, na mkono wa kulainisha hivi naujua mmoja tu." Akageuza uso kuelekea aliposimama mwanawe mkubwa. "Kazi safi, Msasa."

Ndiyo sifa aliyoililia mwezi mzima, na mzee aliitoa huku kidole chake bado kinalitafuta beleshi.