Alama Iliyosimama Maguu

Nilimchukia mkwe wangu Methodi kabla hajanikosea. Hilo niliseme mwanzo, maana ndilo lililoniponza. Mimi nilikuwa fundi mitambo ya simu hadi nilipopunguzwa kazini. Yeye hakumaliza hata darasa la saba, lakini soko huria lilipokuja akanunua pikapu, akawa anashuka ziwani Liuli na kurudi Mbinga na magunia ya usipa, wale dagaa wetu. Binti yangu Lidia akampenda. Mimi nikabaki na redio yangu ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kujifurahisha.

Mwaka 1998, Bruda Edmund wa misheni, mwenzangu wa redio, alinipa chombo cha kupokea mawimbi ya satelaiti, kinachojua mahali kilipo. Nikakifunga kwenye gari la Methodi pamoja na redio ndogo. Kila dakika mbili redio ilituma mahali gari lilipo, na nyumbani kwangu, kwenye kompyuta kuukuu, alama ya gari ikawa inasogea juu ya ramani. Nilijitapa mtaa mzima! Methodi nilimwambia, "Ukiharibikiwa, usiondoke kwenye gari. Nitakuona."

"Ndiyo, baba," akaitikia, akiangalia chini kama mkwe anavyopaswa.

Jumamosi moja alama ilisimama Maguu saa saba mchana. Saa kumi, jumuiya yetu ya kanisa ilipokuja kusali uani kwangu, alama ilikuwa palepale. Mama Vitalia, mwenyekiti wetu, akauliza Methodi yuko wapi tumwombee safari njema.

"Hahitaji sala huyo," nikasema kwa sauti. "Yuko kilabuni Maguu, saa tatu nzima anakunywa pombe. Njooni mwone wenyewe!"

Wakaja, wakaona, wakacheka. Nami nikacheka nao.

Lidia hakucheka. "Baba, leo hafiki ziwani; alisema anachukua magunia ng'ambo ya mlima tu, na saa tisa atakuwa amerudi. Na hiyo saa saba iliyoandikwa hapo, si ndiyo mara ya mwisho kusikika? Ulinifundisha mwenyewe kwamba akishavuka mlima baada ya Maguu, redio haifiki." Alikuwa ameshazungumza na mzee Swalehe mwenye duka, na Swalehe alikuwa tayari kutoa Landrova yake ikamtafute.

Nilijua mwanangu anasema kweli. Nilijua kuliko mtu yeyote Mbinga. Lakini watu walikuwa wananitazama, na utamu wa kumkamata Methodi ulikuwa umeshanikolea. Nikamtumia Swalehe ujumbe asipoteze dizeli yake kwa mlevi.

Methodi alifika Jumapili baada ya misa ya kwanza, amepakiwa kwenye trekta la watu wa kahawa. Mkono umefungwa kwa kitenge, midomo imepasuka kwa baridi. Breki zilikuwa zimekatika kwenye mteremko ng'ambo ya mlima, gari likapinduka. Mkono ulivunjika papo hapo. Alikaa kando ya gari tangu Jumamosi mchana hadi trekta lilipopita asubuhi.

"Kijiji hakikuwa mbali," alisema, akiweka chombo changu mezani. Trekta lilipofika alikifungua garini, akakifunga ndani ya shati lake; hakikuwa na hata mkwaruzo. "Ila baba aliniambia nisiondoke. Nikajua ananiona."

Lidia alisimama na birika mkononi, akinitazama.

"Nilionekana, baba?" Methodi akauliza.

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Ningeweza kumdanganya, na asingejua hadi atakapotoka nje na kukutana na kicheko cha kwanza. Jioni ile ya Jumamosi nilikuwa nimelilaza jina lake chini mbele za watu, na yeye alikuwa amelala chini kweli, akiningoja.

"Hukuonekana, mwanangu," nikasema. "Nilijua huonekani, nikawaambia watu umelewa. Lidia alitaka ukatafutwe. Nikakataza."

Methodi alikunywa chai yake kwa mkono mmoja, polepole, hadi ikaisha. Kisha akakisukuma kile chombo upande wa Lidia.

"Mrudishie baba yako," akasema.