Nyota Upande wa Pili wa Dirisha

Lucy alikuwa akitazama kwa mara ya kwanza tamthilia ya zamani ya safari za angani, ili aichambue mtandaoni, na ilimuudhi kwelikweli. "Mazimwi ya mpira!" alifoka huku akijirekodi kwa simu. "Chombo chenyewe bati tupu!"

Nje, chini ya dirisha, mtu akakohoa. Alikuwa baba mkwe wake, mzee Ambakisye. Kwa mila ya Kinyakyusa, wawili hao hawatazamani wala hawazungumzi. Tangu Lucy aolewe hapo kijijini Ngana, akimwona njiani hujitosa migombani. Kumbe mzee alikuwa akiisikiliza tamthilia bila kuona chochote!

Lucy akaacha kufoka, akapaza sauti na kuanza kusimulia. "Sasa mlango unafunguka. Mgeni anaingia, hana macho. Nahodha anasimama."

Kipindi kilipokwisha, mzee akamwita mkewe aliyekuwa jikoni. "Hivi yule mgeni walimkaribisha?"

"Mama," Lucy akaitikia kutoka ndani, "mwambie walimpa kiti."

Uchambuzi aliouweka mtandaoni ulikuwa mfupi: "Mazimwi ni ya mpira. Lakini itazame pamoja na mtu usiyeruhusiwa kumtazama."