Mwiko Mlangoni mwa Oveni

Nilirejea kutoka kumwuguza ndugu yangu, nikakuta jikoni kwangu kitu cheusi, chembamba, king'aacho kama kioo, kimepachikwa juu ya saruji ambayo haijakauka sawasawa. Mahali lilipokuwa jiko la marehemu mke wangu palisalia alama za miguu ya jiko hilo sakafuni. Sikuketi. Hata kofia sikuivua.

"Liko wapi?" niliuliza.

Mwanangu alikuwa ameliandaa tabasamu lake mapema. "Baba, tulitaka urudi ufurahi. Hili jipya halitaki kiberiti. Unabonyeza tu."

"Nimekuuliza liko wapi."

Mkewe, mkamwana wangu, ndiye aliyepata ujasiri. "Tumempa mtu wa vyuma chakavu, Baba. Lilikuwa limekufa. Ukiwasha oveni moto unazimika, na gesi inaendelea kutoka. Lingetulipua humu ndani."

"Limekufa? Wewe ndiye daktari uliyelipima mapigo?"

"Niliwasha, nikafunga mlango, ukazimika. Nikawasha tena, nikafunga, ukazimika."

Basi ugonjwa wote wa jiko ulikuwa katika maneno hayo. Oveni ya majiko ya zama zile huwashwa kwa kupitisha njiti katika tundu dogo sakafuni mwake, na mlango haufungwi mpaka chuma kishike joto. Ukiufunga mapema moto unakosa pumzi. Mke wangu, kila alipooka, aliuzuia mlango ule kwa mwiko, akakanda unga wake kwa utulivu, kisha akauchomoa. Ncha ya mwiko iliungua mpaka ikawa nyeusi kama lami. Mwanangu alilelewa mbele ya mwiko ule. Macho alikuwa nayo. Ya kutazamia nini, sijui.

"Kwa nini hamkuniuliza?"

"Baba, wewe huulizwi," mkamwana alisema. "Ukiulizwa unafoka."

"Mimi sifoki!" nilifoka.

Si kwamba nilikuwa nalilia chuma. Jiko lile tulilinunua tulipokuwa vijana, lenye enameli ya kijani kichanga, vichomeo vinne vya chuma cha kusubu, na mlango mzito uliojifunga kwa mlio mmoja wa heshima. Skrubu zake zote zilionekana. Kilichoziba unakifungua, unakizibua, unakirudisha, chakula kinaendelea. Waliolitengeneza walijua kwamba kuna siku mjukuu wa mtu atapiga magoti mbele yake akiwa na bisibisi, wakamwachia nafasi ya mkono. Hicho cheusi kimezibwa pande zote kama jeneza. Kikiharibika, kinatupwa.

Nilimpigia simu mjukuu wangu, binti wa kwanza wa mwanangu huyo huyo. Yeye huoka mikate ya kuuza katika chumba cha kupanga, na kazi hiyo aliifunzwa na bibi yake kwenye jiko lile. Nasema bila haya kwamba najivunia mtoto yule. Alisikiliza, kisha akasema kwa utani wake wa mjukuu, "Mume wangu, kaa hapo mlangoni. Nakuja na mtungi wa gesi."

Tulilikuta kwenye yadi ya vyuma, limelazwa chali juani kama mlevi. Kando yake alisimama kijana wa kukata vyuma, grenda mkononi, na mama mmoja mpambaji wa hoteli aliyekuwa akilichora mstari wa chaki.

"Ni zuri mno!" mama yule alituambia, kana kwamba tumekuja kumpongeza. "La kizamani hasa! Nitachukua mlango na uso wote wa mbele, niutundike ukutani."

"Na tumbo lake?"

"Tumbo la nini, mzee? Hilo ni bovu."

"Mama, na wewe ukipendwa uso tu, kilichobaki wakitupe wapi?"

Mjukuu wangu alinivuta mkono wa shati. "Babu, taratibu. Matusi hayawashi moto."

Mwenye yadi, mtu mnene mwenye aproni ya ngozi, alikuja akicheka. "Mzee, kilichotoka nyumbani kwako kikaingia hapa, kimeshazikwa. Lakini nina mwiko mmoja katika kazi hii: mimi mzikaji, simziki aliye hai. Kizima hakikatwi kwenye yadi yangu. Nilipewa bure nilitoe, nikaambiwa limekufa. Likiwaka, chukueni. Likizimika, mama huyu apate uso wake."

Tulilisimamisha. Mjukuu wangu aliunga mpira wa gesi na kupaka povu la sabuni kwenye maungio, kama alivyofundishwa. Mimi nilivuta droo ya chini, nikiomba kimoyomoyo. Ulikuwamo. Mwiko wa mke wangu, ncha nyeusi, umetupwa pamoja na jiko kama takataka.

Niliwasha. Moto ulishika, wa buluu, ukitetemeka.

"Funga basi, upepo huo!" mpambaji alisema, akaunyoosha mkono.

"Usiguse!"

Nadhani hata mtaa wa pili walisikia. Niliuweka mwiko mlangoni, tukangoja. Kijana wa grenda alianza kutabasamu, nilimtazama, akaacha. Moto ulinyong'onyea, na moyo wangu pamoja nao, kisha chuma kikalia kidogo, kikaanza kupata joto, nao ukanyooka. Nilichomoa mwiko, nikafunga. Tukachungulia kwa chini, penye droo. Moto ulikuwa umesimama wima.

"Huyu hazikwi," mwenye yadi alisema, akamwondoa kijana wake.

Mpambaji alifuta chaki yake kwa kiganja. "Lakini kweli ni zuri," alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa ndiyo umeliona," nilimjibu.

Nyumbani halikurudi. Mwanangu alisema saruji haivunjwi kwa ajili ya chuma kikuukuu, nami nilimwambia akae na saruji yake aitafune. Jiko lipo kwa mjukuu wangu, na chai yangu nainywa huko.

Juzi mwanangu alitufuata, mikono nyuma, akaomba aliwashe yeye. Nilimruhusu. Alipiga magoti, akapitisha njiti, moto ukashika, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kuufunga mlango.

"Acha!"

Aliuzuia kwa vidole. Mwiko nilikuwa nimeushika mimi, naye aliuona.

"Baba, chuma kinaanza kuchoma. Niushike mpaka lini?"

"Umeuliza," nilisema. "Vema. Endelea kushika."

Binti yake aligeukia unga wake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi sikucheka.